Eti sisi upepo tunaoujua ni wa kupepea makaa!

Mwana_Ngalawa

Jamani nina hasira hata herufi nazibonyeza kwa dole gumba moja, jengine linatetemeka. Nimerudi mkutanoni sasa hivi, kofia sijaivua.

Nyote mnamjua, simtaji. Yule wa shati la mikono mirefu jua la saa saba, anayeshuka garini kwa kutanguliza kiatu, halafu inapita robo saa ndipo anakuja mwenyewe. Akicheka hutazama pembeni aone nani hajacheka. Ndo huyo huyo. Asiyemjua basi hajazaliwa Pemba.

Basi katuita skuli, sisi wa huku Micheweni upande wa bahari kuu, kuja kutwambia habari ya mapangaboi ya kuzalisha umeme. Tumeambiwa saa tatu, kaja saa sita kasoro. Tumekaa kwenye madeski ya watoto wa darasa la pili, mtu una ndevu na wajukuu, magoti yako masikioni. Tukasema haya, mgeni. Akaletewa dafu. Hilo dafu, jamani, limeanguliwa kwenye mnazi WANGU. Mpwa wangu ndiye aliyepanda.

Kaeleza weee. Upepo wa bure, ajira kwa vijana, sijui na nini. Ikafika pahala pa kanuni: pangaboi likae umbali gani na nyumba za watu, mwenye shamba alipwe nini, na likishakufa nani atakuja kuling'oa. Hapo nikanyanyua mkono. Kwa adabu kabisa. Nikasema, mheshimiwa, kaskazi tunaijua, kusi tunalijua, lakini tanga mbili je? Ile miezi bahari imelala kama mafuta ya nazi ndani ya chupa, hilo pangaboi litazungushwa na nani? Na la pili, kigingi chenu chekundu mmekichomeka hatua kumi na nne kutoka dirisha la chumba ninacholala. Nimezihesabu. Nihame miye au lihame pangaboi?

Watu wakapiga makofi. Kanitazama kuanzia ndara mpaka kofia. Akavuta mrija, frrrrp. Dafu langu hilo. Akasema:

"Wewe mzee, nyinyi huku upepo mnaoujua ni wa kupepea makaa."

MAKAA!

Miye nimeingia baharini na marehemu baba nina miaka tisa. Matlai na umande navitofautisha kwa ngozi ya shingo, macho nimefumba. Nikashushuliwa upepo na mtu ambaye boti ikikata mkondo wa Nungwi yeye ndo wa kwanza kuomba mfuko! Wa kupepea makaa. Na sheha kacheka. Kwa pua, kidogo, lakini nimemsikia, kacheka.

Sasa nafika nyumbani, mke wangu yuko mbele ya seredani. Anapepea. Wallahi nimeshindwa kumtazama usoni.

Hizo kanuni sijui zimeishia wapi kwani niliondoka. Yaani mwili ulibaki kwa sababu kulikuwa na pilau, lakini roho iliondoka. Dafu langu, mnazi wangu, mpwa wangu, na tusi nalo langu. Wa kupepea makaa!

Seredani_Moto

Pole sana mzee wangu. Pilau ilikuwa ya nyama au ya kuku?

Mtu_wa_Konde

Nilikuwepo. Mtoa mada mbona husemi yote? Ulivyoambiwa vile ulijibu "ahsante mheshimiwa" ukakaa. Na mrija ulipomdondoka aliyeuokota ni nani?

Mwana_Ngalawa

Niliuokota kwa sababu uwanja wa skuli ni wetu, hatutaki taka! Na ile ahsante ilikuwa ya kejeli. Nyinyi watu wa Konde kejeli hamuijui mpaka mwandikiwe ubaoni.

Mtu_wa_Konde

Kejeli gani ya kuinama nusu rukuu, yakhe.

Bi_Ukili

Mimi sioni tusi. Wanaume wa huku kweli upepo wanaoujua ni wa barazani. Wa makaa tunaujua sisi wake zenu. Angesema "wake zenu ndo wanaoujua upepo" ningempa kura.

Kibatari

Uzi bila picha ya kigingi ni umbea.

Msomi_Wete

Tuache mzaha kidogo. Kenya kule karibu na Ziwa Turkana walisimamisha mapangaboi 365, megawati 310. Yalikamilika 2017 yakakaa zaidi ya mwaka yanasubiri nyaya za kuuchukua umeme wenyewe. Halafu 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi yote ile zilipatikana kinyume cha sheria, na mitambo ishasimama. Kinangop wenyeji waligoma hadi mradi ukafutwa 2016. Kwa hiyo swali la mzee ni la maana. Umbali, kelele za usiku, kivuli cha panga kinachopita dirishani jua likilala, fidia ya mikarafuu: hayo huandikwa kabla ya kigingi. Kigingi kikishatangulia mnabaki kubembeleza.

Kibatari

365? Kila siku ya mwaka na pangaboi lake. Mwaka wa siku 366 wanafanyaje, wanaazima?

Msomi_Wete

Nimeandika mistari kumi, wewe umeona hesabu tu.

Popo_Mwema

Na popo wa Kidike je? Popo wetu wale hawapo pahala pengine popote duniani, ni Pemba tu. Waliwahi kubaki wachache mno, wazee wakakubali kuacha kuwawinda, wakarudi. Leo mnataka kuwawekea mapanga angani usiku?

Seredani_Moto

Hao popo wamenimalizia maembe mwembe mzima. Yaleteni mapangaboi hata kesho, niko tayari kuyasukuma kwa mkono.

Mwana_Ngalawa

Jamani, hakuna aliyenitukana kuhusu maembe. Kanambia MAKAA. Mbele ya wakwe zangu wawili.

Eka_Tatu

Mzee, fidia yenyewe msiitie tamaa. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali tangu Mapinduzi, hata shamba la eka tatu alilopewa babu yako ni la kutumia. Wakilitaka watakulipa vilivyomo juu yake, minazi na mikarafuu. Upepo unaopita juu hamna aliyekupa.

Kibatari

Basi nao ugaiwe. Kila kaya upepo eka tatu.

Mtoto_wa_Ngambo

Nyinyi Wapemba mnaletewa umeme mnalalamika. Sisi Unguja Disemba 2009 waya wa baharini ulikufa tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mtaa mzima moshi na kelele za vijenereta, samaki hana pa kugandishwa. Mngekuwa nyinyi mngeandika nyuzi mia.

Mtu_wa_Konde

Miezi mitatu ndo mnaisimulia mpaka leo? Sisi waya wa kutoka Tanga tumeuona 2010. Kabla yake yalikuwepo majenereta ya Wesha, yakikohoa na sisi tunakohoa. Nyinyi mlikosa umeme, sisi tulikuwa hatuna. Kuna tofauti hapo, mwalimu wenu hakukufundisheni?

Mtoto_wa_Ngambo

Shida yenu kila kitu ni Unguja na Pemba.

Mtu_wa_Konde

Nani kaanza?

Paje_Kwetu

Samahanini wakubwa, sisi Paje upepo ulishauzwa zamani. Wazungu wanakuja na makaiti yao, kusi likianza bahari inajaa vitambaa vya rangi, anayepokea pesa ni mwenye hoteli. Mama yangu maji yakipwa anaingia kwenye shamba lake la mwani, kamba za kaiti zinampita juu ya ushungi. Akitoka na gunia kichwani anaambiwa pita kule nyuma, wageni wanapiga picha. Nyuma ni nusu saa! Kanuni tuliuliza na sisi. Tukaambiwa zinakuja.

Bi_Ukili

Na hilo gunia la mwani analiuza bei gani, umemuuliza? Ngoja nikae vizuri, hapo pa mwani ndo pangu. Anayekuja kununua anapanga bei mwenyewe, mizani yake mwenyewe, na ukikataa anakwambia basi rudisha baharini.

Paje_Kwetu

Mizani! Usinitoneshe kidonda. Mama kapima nyumbani, kapima kwao, kilo nne zimepotea njiani kama zina miguu.

Popo_Mwema

Hata wa karafuu hao hao. "Haijakauka, haijakauka." Inakauka mpaka ipi, iwe unga?

Mtoto_wa_Ngambo

Nyinyi angalau mna cha kupimiwa. Mimi juzi bandarini kimzigo cha mkononi nimetozwa kama nimebeba ng'ombe.

Kibatari

Ulikuwa umebeba nini?

Mtoto_wa_Ngambo

Si muhimu.

Mwana_Ngalawa

Naomba turudi kwenye mada. Nimempigia sheha, anasema alikuwa anakohoa, hakucheka. Mtu anakohoa kwa pua? Na kigingi bado kipo, hatua kumi na nne. Usiku huu nimekaa dirishani nakitazama, nacho kinanitazama. Sijalala. Nikifumba macho naisikia ile frrrrp. Watu wazima wenzangu, hivi kweli kabisa, wa kupepea MAKAA?

Paje_Kwetu

Makaa kwenu huko gunia bei gani siku hizi? Huku yamepanda hatununui tena.

Seredani_Moto

Ninayo mimi, njoo faragha. Ya mikoko siuzi, msinitafutie kesi. Anayechukua magunia mawili nampa na kipepeo cha ukili.

Bi_Ukili

Kipepeo hicho nimekisuka mimi na pesa yangu hujanilipa.