Tupeane uzoefu: kijana wako alipoanza kushika usukani

MamaBombolulu

Asalaam aleykum, na hamjambo nyote. Mwanangu ametimiza miaka 18, kidato cha nne ameshamaliza, na sasa yuko skuli ya udereva. Ana leseni ya mwanafunzi, ana vibao vyake vya L, kimoja mbele kimoja nyuma, na ule ubao wa mji wa kuendeshea magari ya kuchezea anaujua kama chumba chake. Mwulize pembetatu yenye ukingo mwekundu, atakwambia ni onyo. Duara lenye ukingo mwekundu ni katazo. Ile ya pembe nane ni simama, hata kama barabara ni tupu. Kwa hayo sina wasiwasi naye.

Wasiwasi ulinianza juzi. Tulitoka nyumbani kwenda soko la Kongowea, hapa Mombasa, yeye kwenye usukani, mimi kando (leseni yangu ina miaka 12), mdogo wake nyuma. Safari fupi tu. Kufika sokoni nashuka, goti la kulia laniuma, sijui kwa nini. Kumbe njia nzima nilikuwa nakanyaga breki ambayo haipo! Hakugonga mtu. Sheria aliyoivunja sikuiona. Lakini kila gari la mbele lilikuwa puani mwetu, na kila tuktuk iliyojipenyeza ilimshtua akakamata breki ghafla.

Nawaomba waliopitia haya: ni nini hasa kilichomfunza kijana wako, au wewe mwenyewe ulipokuwa kijana? Ya kitabuni anayo. Nipeni yaliyowapata.

MwalimuMstaafu

Waaleykum salaam, dada yangu. Nimefundisha udereva miaka 22, na goti hilo lako nalijua, hata mimi linanisumbua mpaka leo.

Ubao wa mji unamfunza mtoto nani ana haki ya kupita. Ukiingia raundabauti, mngoje aliye ndani tayari, anayekuja kutoka kulia kwako. Kuovateki ni upande wa kulia. Mstari mweupe usiokatika haukatwi. Yote sawa. Lakini juu ya ubao, kale kagari kanasimama pale pale mkono unaposimama. Gari la kweli halisimami hivyo. Ukiwa kwenye 50, ambao ndio mwisho wa mwendo ndani ya mji, kila sekunde unakwenda mita 14 hivi. Na binadamu anahitaji kama sekunde moja tangu jicho lione mpaka mguu uguse breki. Maana yake mita 14 zimekwisha na gari hata halijaanza kupungua. Na wengi hawajui hili: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne.

Kwa hivyo mfunze kuhesabu. Gari la mbele likipita nguzo ya taa, aanze kwa sauti: "Bismillahi moja, Bismillahi mbili." Akiifikia nguzo kabla hajamaliza, yuko karibu mno, aachie mafuta. Mvua ikinyesha, ahesabu mpaka nne. Wanafunzi wangu niliwahesabisha kwa sauti wiki ya kwanza nzima, wengine waliona haya, lakini wiki ya pili mguu unaachia wenyewe kabla ya mdomo.

BintiTudor

Mwalimu, kwa heshima zote, hapa Mombasa ukiacha hiyo nafasi matatu inaingia. Ukiacha tena, tuktuk mbili zinaingia. Na nyuma yako unapigiwa honi mpaka unatetemeka. Nilipoanza nikiwa na miaka 18 hicho ndicho kilichonikosesha raha, nikaona bora nisogee nibanane kama wengine.

MwalimuMstaafu

Iache iingie, binti yangu. Matatu moja ikikuingilia umechelewa sekunde mbili tu. Achia mafuta kidogo, nafasi itarudi, anza kuhesabu upya. Toka Nyali mpaka Mwembe Tayari zikuingilie 15, umechelewa nusu dakika. Nusu dakika hiyo nimewahi kuilinganisha na bili ya kunyoosha bampa na kubadilisha rejeta.

Na honi ya nyuma haikulazimishi. Aliye nyuma ndiye mwenye jukumu la kukuachia nafasi, si wewe la kumkimbia.

BintiTudor

Nimekubali, tena nilikubali zamani baada ya kuadhibiwa. Ilikuwa mvua ya kwanza ya Aprili, ile inayokuja baada ya jua la miezi. Manyunyu tu, hata wipa zilikuwa zakwaruza kioo. Nikadhani mvua ndogo haina neno. Gari la mbele likasimama, nikakanyaga breki kwa nguvu zote, magurudumu yakafunga na gari likaendelea kwenda kama sabuni sakafuni. Gari la zamani, halikuwa na mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge. Nikakata usukani kushoto, halikugeuka. Nikabaki nalitazama lile gari linakuja kwangu. Nilimgonga mzee mmoja nyuma, si kwa kishindo, ila taa zake zote mbili zikaenda.

Yule mzee alishuka, akaniuliza kwanza kama nimeumia. Halafu akanionyesha kidole: alikipitisha juu ya lami, kikatoka cheusi na kinang'aa. Mafuta ya magari na vumbi vya miezi vinaelea juu ya maji yale machache. Mvua kubwa ikishapiga muda, vinaoshwa. Hatari ni zile dakika za kwanza. Na gurudumu lililofunga halishiki njia wala halifuati usukani. Ukilegeza mguu likaanza kuzunguka ndipo linakusikia tena. Hayo aliniambia kwenye manyunyu, shati lake limelowa mgongoni. Namwombea dua mpaka leo.

Kuhusu barabara iliyojaa maji, sitasema mengi: usiingie. Gari dogo linaweza kusukumwa na maji ya nusu goti tu yakienda kasi, na chini ya maji hayo hujui kama mfuniko wa mtaro upo.

AmiTrela

Mimi nimebeba makontena kutoka bandari ya Kilindini miaka mingi, Changamwe, Miritini, mpaka Malaba. Nawapenda hawa vijana, ndiyo maana nitasema kwa urefu.

Mpwa wangu alipopata leseni, nilimleta yadi siku gari limezimwa. Nikampandisha kwenye kiti changu, juu kule. Nikamwambia mdogo wake asimame chini, upande wa kushoto, karibu na gurudumu la mbele. Nikamwuliza: nduguyo yuko wapi? Akatazama kioo cha kushoto, kulia, akatazama tena. Akaanza kucheka, akidhani mdogo wake amekimbia. Nikamwambia, piga kelele mwite. Sauti ikatoka hatua mbili chini ya mlango. Kile kicheko kilikatika palepale. Kisha nikamsogeza yule mdogo mbele ya bampa, akapotea tena. Nyuma ya trela ndiyo usiseme.

Hiyo ndiyo hali yetu. Sisi tunakaa kulia, kwa hivyo upande wa kushoto una eneo kubwa ambalo hatulioni, na ndipo vijana wanapopenda kupenya. Kipimo ni kimoja: kama huoni uso wangu kwenye kioo changu, nami sikuoni.

La pili ni kona. Nikitaka kukata kushoto, kwanza nitajitupa kulia, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kona kwa ndani. Dereva mgeni anaona nimekwenda kulia, anasema "ameniachia njia," anaingia kushoto. Baadaye kichwa kinageuka, na trela linamfungia ukutani. Nimeona tuktuk imekunjwa hivyo pale Changamwe. Sitaeleza zaidi. Ukiona indiketa yangu ya kushoto inawaka, kaa nyuma, hata kama kuna nafasi ya kupita ndege.

Na usiku, mwanangu, ukikutana nasi barabara ya Mazeras, punguza taa. Taa zetu zikikupiga machoni, usizitazame. Tazama ukingo wa kushoto wa barabara uufuate mpaka tupishane.

BodaKisauni

Ami amesema kweli. Langu ni moja. Mkisimama, kabla ya kufungua mlango, dereva afungue kwa mkono wa kushoto, ule ulio mbali na mlango. Mwili utageuka wenyewe na macho yataona nyuma. Abiria wa kushoto naye afungue kwa mkono wa kulia. Mlango ulinichukua Bombolulu mwaka juzi, bega halijarudi sawa, na aliyefungua alikuwa mtoto wa skuli ambaye hakuambiwa na mtu.

LikoniKwetu

Hakuna aliyetaja feri ya Likoni bado, na kijana wa Mombasa siku moja atavuka tu.

Nendeni mara ya kwanza mkiwa abiria, mtazame. Maji yakijaa, gari linaingia karibu sawasawa. Maji yakipwa, mteremko unakuwa mkali, saruji ina ute na maji ya chumvi, na hapo ndipo kijana mwenye gari la klachi anapozima injini, watu wamejaa kila upande. Mfunzeni kuondoka mlimani kwa breki ya mkono kabla ya siku hiyo: gia ya kwanza, achia klachi mpaka usikie pua ya gari inainuka kidogo, ndipo ushushe breki ya mkono. Asijaribu kulizuia gari kwa klachi.

Akishapanda: breki ya mkono mpaka mwisho, injini izimwe, gari liachwe kwenye gia (la otomatiki liwe P), vioo vishushwe, mikanda ifunguliwe. Ni mahali pekee ninaposema mkanda ufunguliwe. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka MV Harambee, mama na mwanawe wa kike wakazama nalo, na lilitolewa baada ya siku nyingi za kutafutwa. Sisi wa ng'ambo tulikuwa tukisimama pale kila siku kutazama wapiga mbizi. Tangu hapo, familia yangu wote hushuka garini, abaki dereva peke yake.

Mjukuu19

Naandika nikiwa kijana mwenyewe, nina miaka 19. Nyanya yangu ndiye aliyeniambia nisome hapa, na ndiye aliyeniambia niseme.

Tulikuwa watano, tunarudi kutoka Mtwapa usiku. Mimi sinywi, hivyo nilijiona salama. Simu ikaita, haikuwa hata ya maana, picha tu. Mwenzangu akasema "hebu tazama hii," nikatazama. Nilikuwa kwenye 80. Mwalimu hapo juu amepiga hesabu ya 50. Kwa 80 ni mita 22 kila sekunde, na mimi nilitazama sekunde tatu. Mita 66 gari lilikwenda bila dereva.

Mkokoteni ulikuwa kando ya barabara, wa mitungi ya maji, hauna taa. Niliupata kwa pembe ya kushoto. Nikasikia mitungi inadunda juu ya paa, tuntuntun, kisha kimya. Barabara nzima imelowa, inang'aa kwenye taa zangu, na mimi sijui yale ni maji au ni nini. Nilishindwa kufungua mlango. Rafiki yangu ndiye aliyeshuka, akaita, "Yuko hai! Yuko hai!" Mzee alikuwa amekaa ukingoni ameshika mguu. Ulivunjika mahali pawili.

Nilimtembelea hospitali siku 11. Familia yetu ililipa matibabu na mkokoteni mpya, lakini kazi yake ni miguu, na hajarudi kuvuta. Faini ya simu ni shilingi 2,000, watu wanaiogopa hiyo. Sasa simu yangu inakaa kwenye buti mpaka nifike. Na mwaka wa kwanza huu sibebi zaidi ya rafiki mmoja, wala si usiku. Wananinunia, basi.

MuuguziPwani

Mjukuu, umefanya jambo kubwa kuandika. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29, zaidi ya ugonjwa wowote. Wodini nawaona kwa sura.

Mkanda ni kwa wa nyuma pia. Gari likisimama kwa kugonga, asiyefunga nyuma anaendelea kwenda na mwendo ule ule, na wa mbele yake ndiye anayempokea kwa mgongo. MamaBombolulu, yule mdogo nyuma juzi, alikuwa amefunga?

Na mkikuta ajali, msimvute majeruhi kwa mikono, isipokuwa kama kuna moto. Shingo ikivunjika, ni sisi wasaidizi tunaoikata kabisa kwa huruma yetu.

LikoniKwetu

Nimesahau, MamaBombolulu: kabla kijana hajaendelea, pigia watu wa bima yako uwaulize kama gari lako linamlinda mwanafunzi akiwa usukani. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini masharti ya nani anaendesha yako kwenye karatasi zenu, na watu hawazisomi mpaka siku ya machozi.

MamaBombolulu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Muuguzi, hakuwa amefunga. Nimeumia kusema hivyo.

Leo alfajiri tulitoka tena, magari machache. Mdogo wake kafungwa mkanda na kakaye mwenyewe. Simu zote buti, na yangu pia, nilipoona ananitazama. Alihesabu kwa sauti toka Bombolulu mpaka daraja la Nyali, Bismillahi moja, Bismillahi mbili, mpaka yule mdogo nyuma akawa anamwitikia. Juu ya daraja matatu ikajitupa mbele yetu. Nikakanyaga sakafu, kama kawaida yangu. Yeye akaachia mafuta, akanyamaza kidogo, akaanza tena kutoka moja.

AmiTrela, Jumapili hii uko yadi?

AmiTrela

Niko. Njooni kabla ya saa nne, jua halijawa kali. Na mlete mdogo wake.