Wazazi wangu wamegeuza nyumba kuwa ya kamari. Nianzie wapi kuifunga?

BintiMpendae
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri, na mwenye kutaka kucheka acheke, mie nimeshacheka nikamaliza.

Wazazi wangu wote wawili ni walimu wa skuli waliostaafu. Watu wa heshima zao, mzee ndiye huadhini Alfajiri muadhini akiumwa. Mdogo wetu wa mwisho kapata nafasi ya udaktari Dar, mkopo ukafunika nusu ya ada, nusu nyengine ikatuangukia sisi. Hapo ndo baraza yetu ilipobadilika.

Ilianza kwa dhumna. Anayefungwa ananunua soda. Soda ikawa elfu, elfu ikawa kumi, na baba kwa vile alikuwa akisomesha hesabu akaona kila duru nyumba ichukue chake, "cha taa na poda ya keram". Akafungua daftari. Nimelisoma: limepigwa mistari kwa rula, tarehe ya Kiislamu kushoto, ya kizungu kulia, na safu imeandikwa ADA. Kweli ni ada. Muhula mzima umelipwa humo.

Kisha wakahamia ndani, eti barazani jua. Mama anauza urojo na kahawa humo humo, bei juu kuliko Forodhani, na yeye ndiye anayeshika dau, kwenye chupa ya chai iliyopasuka kioo. Mtu akilalamika kapunjwa, mama humwambia, "Nimekusomesha la pili miye, kaa chini." Na jitu zima na ndevu zake linakaa.

Mpwa wangu anawekwa kichochoroni. Akiona sura asiyoijua anapiga kelele "Maji yametokaaa!" wote wanamwagika nje na ndoo. Tabu ni kuwa na majirani wasiojua kitu nao wanatoka na ndoo zao, kisha matusi yote yanatushukia sisi.

Ningelivumilia mpaka mtoto amalize mwaka. Lakini juzi nafagia chini ya kitanda chao nikakuta mashine ya boti, Yamaha, farasi 40, imefunikwa kanga ya mama. Kaiweka rehani mvuvi mmoja wa Malindi baada ya kufungwa usiku kucha. Sasa nasikia mashine si yake, ni ya ushirika, na wenyewe wanaitafuta. Baba anasema rehani ni rehani. Mama anasema harufu ya petroli inafukuza mbu.

Polisi siwezi kwenda, ni wazazi wangu. Kwa sheha wetu wa mtaa pia siwezi, maana Alhamisi alikuwepo, na alikuwa anaongoza.

Konda505
Pole sana dada. Mpendae sehemu gani hasa? Nauliza ili ushauri uwe sahihi.

YakheWaChake
Konda wewe umeshatia mkono mfukoni.
Binti, nisikilize. Mashine ya boti haifichiki. Mvuvi anaijua yake kwa mikwaruzo hata uipake rangi. Na wavuvi wakishakata tamaa hawaendi polisi Madema, wanachangishana wakasomewa Halbadiri, ile dua ya kumlaani mwizi. Hapo sijui huo urojo utanyweka vipi.

MsomiVuga
Tuache Halbadiri kidogo. Mzee kateleza hapa: "rehani ni rehani" haipo kwenye kamari. Sheria yetu ya mikataba hapa Zanzibar imetokana na ile ya Uhindini ya 1872, na makubaliano ya kuwekeana dau ni batili. Deni la kamari halidaiwi mahakamani, na deni likiwa halipo, rehani inashikilia nini? Tena mvuvi hawezi kuweka rehani kitu kisichokuwa chake. Baba yako hana haki na hiyo mashine hata kwa saa moja.

Kubaya zaidi, siku atakayojua ni ya watu na bado akaiweka, hiyo si kamari tena, ni kukaa na mali ya wizi. Na kwa unavyoeleza, ameshajua.

Kuhusu chumba: anayehesabiwa kwanza ni mwenye nyumba anayefungua na kukata chake, kisha anayemsaidia, kisha wachezaji. Maana yake baba, mama, na yule mtoto wa "maji yametoka". Huyo mpwa mtoeni leo leo. Na asije mtu akawadanganya mukate leseni ya michezo ya kubahatisha, ile Bodi na sheria yake ya 2003 ni za Bara, leseni yake haivuki maji.

Irudisheni mashine mchana, mbele ya shahidi, muandikishane karatasi. Usiku msithubutu. Mukikamatwa nayo njiani saa nane za usiku nani atakuaminini kuwa munairudisha?

UstadhFuoni
Al-Maida aya ya 90 mzee anaijua kuliko mimi, muadhini huyo, sitomsomea. Nitasema la pesa tu. Zilizobaki, wenye kujulikana warejeshewe. Na kwa daftari hilo wanajulikana wote, Mungu kamtangulizia mzee rula. Asiyepatikana, fungu lake wapewe mafukara, kwa nia ya kujivua nalo, si kutafuta thawabu.

Konda505
Ustadh, warejeshewe na sisi tuliofungwa mwezi uliopita au kuanzia huu?

YakheWaChake
"SISI"!!!

MamaTausi
Mie naomba kuuliza jengine. Binti, humo kwenye daftari, pesa ya urojo imeandikwa mbali au imechanganywa? Nimeuza chakula miaka mingi. Wanaume thelathini wakikesha, mwenye sufuria ndiye anayepata.

BintiMpendae
Nimerudi. MsomiVuga, nimemsomea baba maneno yako yote. Kasikiliza mpaka mwisho, kavua miwani, kaniuliza kifungu cha ngapi. Sikuwa nacho. Akasema mwanafunzi asiyetaja kifungu hapewi alama.

Nikapanda juu kwenye ya YakheWaChake, nikasoma kwa sauti, na mama alikuwa jikoni. Neno Halbadiri halijamaliza kutoka mdomoni mama kashafika chumbani anaikokota mashine peke yake. Mwanamke wa miaka 66, mgongo mbovu!

Basi imerudi. Mchana, kwa gari ya ng'ombe, juu kuna majani. Shahidi ni sheha, aliyekuja na hofu kuliko sisi. Katibu wa ushirika katia saini, akauliza mbona inanukia udi. Hakuna aliyemjibu. Yule mvuvi wameshikana naye wenyewe, atawavulia bure mpaka waridhike.

MamaTausi, safu ya urojo ipo mbali, kwa hati ya mama. Nimejumlisha mara mbili nikidhani nimekosea. Urojo umeipita ADA.

MamaTausi
Nilijua tu. Atoe meza nje, apike mchana kweupe.

YakheWaChake
Polepole. Wale walikuwa wanakunywa kwa bei ile kwa sababu kutoka kulikuwa hakuna, na mwalimu wao wa la pili kakaa mlangoni. Barazani mtu ataonja, ataambiwa bei, ataondoka. Ashushe bei, au aongeze badia na mishikaki.

MsomiVuga
Na huyo kijana wa udaktari aende ofisi ya fedha ya chuo chake aombe kulipa kwa awamu, wengi hawaulizi. Mkopo nao aulizie mwaka ukianza upya.

BintiMpendae
Ameshaandika barua. Baba kaisahihisha kwa wino mwekundu.
Pesa tunaanza kuzirejesha Ijumaa, majina ni 41. Konda505, wewe ni namba 17, na mama anasema una deni la bakuli sita.

Konda505
Kwa hiyo dhumna ndo basi?

BintiMpendae
Dhumna ipo. Barazani, kwa soda. Njoo na za bakuli.