DNS ya ruta imebadilishwa: je, kuizima na kuiwasha kunatosha?

Swali
Ndugu zangu, juzi nilifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta nikakuta anwani za DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba) si zile nilizoziweka mwenyewe. Nimeizima na kuiwasha, nikabadilisha na nywila ya Wi-Fi. Je, nimemaliza kazi, au pana mlango bado u wazi? Kamera na televisheni zinatumia mtandao huohuo.

Jibu la 1
Bado hujamaliza. Nywila ya Wi-Fi humzuia mtu kuunganisha simu yake. Aliyegusa DNS yamkini aliingia kwa nywila ya msimamizi, ambayo wengi wetu tunaiacha kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilinasa kamera na ruta nyingi kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, kisha ikavitumia vifaa hivyo kuishambulia Dyn, kampuni iliyotoa huduma ya DNS, hata tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Mirai ilikaa katika kumbukumbu ya muda, hivyo kuzima kifaa kuliifuta, ingawa nywila ikibaki ileile kifaa kilinaswa tena upesi. Kwako hali ni tofauti, kwa kuwa mipangilio ya DNS huhifadhiwa na haifutiki kwa kuzima. Chomoa waya wa intaneti, bonyeza kitufe cha kurejesha hali ya kiwandani mpaka taa zimemeke, uweke nywila mpya ya msimamizi, ndipo uurudishe waya.

Jibu la 2
Naafiki, na hapo hapo zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tangu 2011 inajulikana kuwa majaribio 11,000 hivi yanatosha kuipata. Zima pia usimamizi wa mbali (kufungua mipangilio ya ruta kutoka nje kupitia intaneti), na uhamishie kamera na televisheni kwenye mtandao wa wageni.

Muulizaji
Ahsanteni, nimefanya yote. Ila kwenye masasisho, toleo la mwisho ni la 2017 na mtengenezaji ameacha kuihudumia ruta hii.

Jibu la 1
Basi inunulie mbadala. Kasoro iliyokwisha kujulikana na isiyozibwa yaweza kumpitisha mvamizi bila hata kuulizwa nywila, iwe ndefu namna gani.