Tupeane uzoefu: mnaojishonea nyumbani kwa pateni za kununua, mnazifanyaje zikae mwilini?

BibieWaTabata
Wadau habari za saa hizi. Kule kwenye uzi wa mafundi kila mtu analia, mara kitambaa kimepotea, mara gauni la sendofu linakamilika wakati binti ashaagwa na keki ishaliwa, nikasema ngoja nifungue huu wa sisi tulioamua kununua cherehani zetu tukajifungia ndani. Na nazungumzia hasa wale wa pateni za kununua, yaani ile michoro ya karatasi ya kukatia nguo, za kwenye bahasha, za kwenye magazeti ya mishono, au zile unalipia mtandaoni wanakutumia faili unaenda kuprinti steshenari. Sio za kukadiria kwa macho.

Naanza mimi. Dada yangu anaishi nje, akija huniletea bahasha za Simplicity na McCall's, pateni za Marekani hizo. La kwanza nakwambieni, ile namba unayovaa dukani isahau kabisa. Mimi mtumba wa Marekani ulioandikwa 12 naingia vizuri tu, ila kwenye bahasha mimi ni 18, maana 18 yao ni kifua inchi 40, kiuno 32, hipsi 42. Hiyo 12 yao ni kifua 34 kiuno 26 na nusu, kiuno hicho mimi nilikiaga sekondari jamani. Maduka ya kule yamekuwa yakishusha namba miaka na miaka mteja ajione mwembamba, wenye pateni wao wakabaki na vipimo vyao vilevile. Kwa hiyo usinunue kwa kiburi, chukua futi kamba ujipime, nyuma ya bahasha kuna jedwali.

La pili ni hipsi. Hawa wazungu wamechora wakidhani hipsi inaizidi kifua kwa inchi 2 tu, sasa mwambie mtu wa Tabata hivyo. Mimi 40 juu, 44 chini. Uzuri karatasi moja ina saizi kadhaa mistari imefuatana, so nafuata mstari wa 18 kwapani mpaka kiunoni, halafu naiteleza penseli mdogomdogo hadi naukuta mstari wa 20 kwenye hipsi. Mbele na nyuma nafanya sawa. Gauni linakaa utadhani nilipimwa.

Haya nanyi, mnafanyaje?

ShangaziKigamboni
Asante mwanangu kwa uzi, hipsi umezisemea vizuri ila kifua hujakisemea na wengi ndipo tunapokwama. Sikiliza. Pateni nyingi za bahasha zimechorwa kwa kifua cha sidiria ya kikombe B. Mwenye kifua kikubwa akinunua kwa kufuata kipimo cha kifua, mbele patafunga lakini mabega yatamwangukia, na shingo itakaa wazi kama ya nguo ya kuazima.

Mimi nalala kwenye kipimo cha juu, futi kamba inapita kwapani inakatisha juu ya matiti, siyo katikati yake. Kwangu juu ni 40, katikati 44. Sinunui 22, nanunua 18, mabega yananikaa. Zile inchi 4 zilizobaki naziongeza mbele tu, 2 kila upande, na ndio kazi yenyewe hii:

Unachukua kipande cha mbele cha karatasi, unaweka alama pale ncha ya titi lako inapofika (jivalishe hiyo karatasi mwanangu, ibane na pini kwenye sidiria ujue ni wapi hasa). Unakata toka pindo la chini kupanda juu hadi kwenye hiyo alama, ukifika hapo unakunja kona kuelekea kwapani, unakata ila usimalize, bakiza kauzi ka karatasi pale kwenye mstari wa kwapa kashike kama bawaba. Halafu toka ubavuni unaikata dati (ule mkunjo wa kushona unaoipa nguo umbo) katikati mpaka ukaribie alama, nayo bakiza. Sasa vuta, karatasi itafunguka, ikifika inchi 2 unatia karatasi nyingine chini unabandika selotepu. Utaona dati ya ubavuni imekuwa kubwa yenyewe, hiyo ndiyo inayolibeba titi. Kile kipande cha pili cha chini kitakuwa kimepanda juu, kishushe kilingane na mwenzie.

Kabla ya kukata kitambaa chako cha maana shona kwanza kwa kile kitambaa cha marekani au shuka la mtumba. Sehemu ya juu tu, hadi kiunoni, hakuna haja ya gauni zima.

fundi_Mtoni
Haya mambo nayasoma tu nacheka 😂 Mimi niko kwenye cherehani tangu kijana, mteja anakuja na picha ya kwenye simu, nampima, nachukua chaki nachora hapohapo juu ya kitambaa, jioni anavaa. Karatasi za nini? Kubandika selotepu usiku kucha wakati gauni lingekuwa lishavaliwa. Naona ni mambo ya watu wenye nafasi.

BibieWaTabata
Fundi "jioni anavaa" hiyo jioni ya mwaka gani 😂😂

Mstaafu_Upanga
Fundi usiyadharau, maana yameanzishwa na fundi mwenzio. Pateni za karatasi zenye saizi tofauti zilitokana na Ebenezer Butterick, fundi nguo wa Sterling, Massachusetts, mwaka 1863. Kabla ya hapo mtu alikuwa anapata mchoro wa saizi moja, kujitanua au kujipunguza ni shauri yake. James McCall naye alikuwa fundi, Mskoti aliyehamia New York, akaanza za kwake 1870. Marehemu mke wangu alikuwa anatumia gazeti la Burda, lile la Wajerumani lililoanzishwa na Aenne Burda mwaka 1950. Ndani yake kuna jikaratasi kubwa pateni zote zimepandana juu ya nyingine, rangi kwa rangi, ukilikunjua unaweza kudhani ni ramani ya mabomba ya mji mzima. Unachagua mstari wako unaunakili kwenye karatasi nyingine. Na wanaotumia hilo gazeti waangalie, halina nafasi ya mshono, unaiongeza mwenyewe pembeni wakati unakata. Hizi za bahasha za Marekani nafasi ishawekwa, inchi 5/8, sawa na sentimita 1 na nusu. Ukishazoea moja ukahamia nyingine bila kusoma, nguo inakuwa ya mtoto.

fundi_Mtoni
Mzee shikamoo, hapo kwa Butterick umenimaliza. Niseme la haki basi, kwenye mkono na kwapa hizo karatasi zinatuzidi mafundi wengi. Sisi wengi tunachora kwapa la mbele na la nyuma linafanana, ndio maana mteja akinyanyua mkono kushika bomba la daladala gauni zima linapanda. Mwenye pateni kachora mbele pameingia zaidi, na kichwa cha mkono hakilingani pande mbili, ndio maana kuna vile vialama pembeni, kimoja cha mbele viwili vya nyuma. Msivikate mkavipoteza, hivyo ndivyo vinavyowaambia mkono upi ni upi.

KakaKola
Mimi mwanaume na nashona mashati yangu ya vitenge, wa kucheka acheke. Natumia za kupakua mtandaoni, unaprinti A4 nyingi unaziunga.

Angalizo langu ni moja, steshenari. Kijana wa kwenye kompyuta anabonyeza tu ile "jaza ukurasa" bila kukuuliza, kazi inapungua hadi asilimia 96 hivi na kwa macho huoni. Shati lililotakiwa liwe na mzunguko wa inchi 46 linatoka 44 na kidogo, kifungo cha tumboni kinaanza kulia. Kwenye ukurasa wa kwanza au wa pili kuna kiboksi cha kupimia, zingine inchi 4 zingine sentimita 10, mwambie aprinti huo ukurasa peke yake kwanza, asilimia 100, upime na rula. Ikiwa sawa ndio aendelee na mzigo wote. Wengine wananuna, wanune tu hela ni yako.

Kwenye kitenge sasa. Kitenge upana wake inchi 45 hivi, jedwali la nyuma lina mistari ya 45 na ya 60, soma wa 45, ukisoma wa 60 utarudi Kariakoo na utakuta ile rangi imeisha. Halafu kama maua au ndege wana kichwa juu miguu chini huwezi kugeuzageuza vipande ili vienee, kitambaa kinakwenda zaidi, kwenye jedwali wana mstari wake wa vitambaa vyenye uelekeo. Mimi nanunua pisi nzima ya yadi 6 basi, kinachobaki mama watoto anakimbilia kilemba.

Kitu ninachojivunia ni pale mbele kwenye vifungo. Nakata kwanza upande wa kulia kitenge kikiwa kimefunguliwa bila kukunja, halafu nakichukua hicho kipande nakigeuza uso kwa uso na kitambaa kilichobaki, nakisogeza mpaka ua la kwenye kipande limeze ua la chini, nikipima kwenye mstari wa katikati ya kifua na sio kwenye ukingo. Ndio nakata wa kushoto. Ukifunga vifungo ua linakuwa zima. Jamaa ofisini wanauliza fundi wako nani, nawaambia yuko Kimara hapokei simu.

dogo_wa_Gongo
Nafuatilia 🙏 Cherehani gani ya kuanzia wakubwa? Sina mtaji.

ShangaziKigamboni
Ya miguu mwanangu, Singer ya zamani au Butterfly, hata iliyotumika, vipuli vyake na mafundi wake wamejaa mjini. Inashona mbele tu inatosha. Sindano namba 14 kwa kitenge, 11 kwa vitambaa laini. Ovaloki usinunue, kashone nyumbani halafu peleka kwa wenye ovaloki mtaani wakupitishie kingo, hela yake ndogo.

mie_wa_Ilala
Mie nashona kanga, na wengi huniuliza mbona pindo lako halikatiki. Siri iko kwenye kuchagua pateni. Ukitazama kipande cha sketi kwenye karatasi, kama chini kimepinda mviringo hiyo achana nayo kwa kanga, kwa sababu pindo la kanga limenyooka, ukikata mviringo katikati linabaki na pembeni linaliwa. Mie natafuta zile sketi za chini kumenyooka kabisa, za kukusanya marinda kiunoni. Naweka chini ya karatasi juu ya ukingo wa pindo, hata sipindi tena chini, nafunika kidogo tu.

Ufue kwanza! Kanga mpya ina wanga, ukifua inarudi. Kitenge vilevile.

Na jina je? Nina doti ya "Wema hauozi", jina nimelipandisha mgongoni makusudi, wanaokaa nyuma yangu kwenye daladala wasome mpaka Gongo la Mboto.

BibieWaTabata
😂😂😂 dada wa Ilala wewe hatari. Mimi jambo lingine linalonikera ni bitana. Pateni ya gauni la ofisini inataka kitambaa cha sufu na bitana mwili mzima, kwa joto hili la Februari si unaiva? Bitana naitupa, vile vipande vidogo vya kumalizia shingo na makwapa nachora mwenyewe kwa kufuata umbo la pateni, upana inchi 2 na nusu, natia kile kitambaa cha gundi nakipiga pasi. Nguo inakaa na inapumua.

Na nafasi ya kupumulia mwili pia mwiangalie, kwenye karatasi yenyewe huwa wameandika nguo ikikamilika itakuwa inchi ngapi. Kama mwili ni 40 na nguo ni 44, zile 4 wamekuachia makusudi. Sie wa Dar tumezoea kubana, wengine wanazikata zote halafu kukaa kwenye kiti ni mtihani.

Shangazi nina swali. Sketi yangu mbele iko sawa nyuma inapanda, nikisimama ubavu inaonekana kabisa chini haijanyooka. Pateni ni hiyohiyo.

ShangaziKigamboni
Hiyo ni makalio mwanangu, hongera 😄 kitambaa kinapanda mlima ndio maana chini kinafupika. Usirekebishe kwa kukata chini mbele. Rudi kwenye karatasi ya nyuma, kata kulala kwenye usawa wa hipsi toka katikati ya mgongo kwenda ubavuni, ubavuni bakiza bawaba, fungua katikati nusu inchi au zaidi kidogo, bandika. Ubavu unabaki urefu uleule wa kuungana na mbele, katikati ndio panarefuka. Ule mstari wa katikati nyuma utavunjika kidogo, upitishie rula unyooke. Kama kiuno nacho kinaachia nyuma, dati zako zitie kina.

BibieWaTabata
Ooh kumbe! Mwenzenu nilitaka kuishusha kwa kuongeza lesi chini. Asante shangazi. Na KakaKola, hizo A4 za kuunga zimenichosha, kwa hapa mjini karatasi kubwa wanaprinti wapi?

KakaKola
Tafuta wale wanaoprinti ramani za majengo, maeneo ya Posta na Kariakoo wapo, waulize kama wana A0. Hakikisha ulikonunua wamekupa na faili la A0, wengi wanatoa yote mawili. Mwambie nyeusi tupu, akiprinti rangi bei inaruka. Na asikukunjie, akuviringishie.