Mlima Tamalpais: miguu na magurudumu tugawane siku, au kila mtu abaki na njia yake?

Mwanzisha mada, Oakland, California

Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita nilikuwa Mlima Tamalpais, kaskazini ya daraja la Golden Gate, na mwanangu wa miaka saba. Kwa msiofika: ni mlima mfupi, mita 784 tu, Kilimanjaro ingeucheka, ila umevaa msitu hasa. Redwood, ile miti mirefu ajabu, zimejaa mabondeni, ukungu wa bahari unadondoka kwenye majani hata kiangazi, na chini anajivuta konokono asiye na gamba, wa manjano kama ndizi mbivu. Mtoto alikuwa amechuchumaa kumtazama huyo konokono, kwenye njia isiyozidi upana wa mlango, na baiskeli haziruhusiwi pale. Nikasikia breki zinalia juu ya kona. Jamaa anatokeza, mimi nimeshamvuta mtoto kwa kofia ya koti. Akasema samahani, akaendelea. (Konokono alipona. Niliulizwa hilo njia nzima hadi kwenye gari.)

Msidhani nimekuja kutoa povu. Mchezo wa baiskeli za milimani umekulia hapahapa Marin, kaunti yenye mlima huu. Oktoba 21, 1976 vijana walianza kushindana kuteremka barabara ya vumbi ya Pine Mountain, jirani na Tamalpais, kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga kinyume. Breki ilipata moto mpaka grisi inatoka moshi, na wakifika chini lazima wafungue habu, kile kitovu cha gurudumu, na kujaza grisi upya. Ndiyo asili ya jina la barabara ile, Repack, yaani "jaza upya". Leo, karibu miaka 50 baadaye, hifadhi hii ya jimbo inawaachia waendesha baiskeli barabara za zimamoto, zile pana za vumbi za kupitisha magari ya kuzima moto msituni, na njia chache. Nyingi za zile nyembamba ni marufuku kwao. Watembeaji wanasema sisi tulitangulia, na ni kweli, mbio za miguu za Dipsea zilianza 1905. Lakini "nilitangulia" ni hoja ya foleni ya daladala. Hii ni mali ya umma.

Kule Nevada, kwenye kipande kimoja cha njia inayozunguka Ziwa Tahoe, baiskeli huruhusiwa tarehe shufwa tu. Mwenye miguu anapita siku zote, ila tarehe witiri anajua hatakutana na gurudumu. Kwa nini tusijaribu hivyo Tamalpais, hata kwa njia mbili tatu? Naomba hoja.

Mchangiaji, Sacramento

Kaka, pole kwa mtoto. Ila hapo kwenye shufwa umenikosa. Mimi nalea wazee kwa zamu, siku yangu ya kupumzika ni Jumapili basi. Ikiangukia tarehe 14 ndiyo niruke vichakani kila kona? Na vichaka vyenyewe unavijua: ule mmea wa majani matatu unaowasha wiki nzima, upupu wa kwetu afadhali. Wao wana barabara za zimamoto, pana, wanaonana. Sisi tumebakiwa na hizi nyembamba. Unataka kugawa kilichobaki?

Mchangiaji, San Jose (naendesha, nakiri mapema)

Huyo aliyekukosakosa hakuwa na utetezi. Sheria ya hapo ni maili 15 kwa saa, na 5 kwenye kona usiyoona mbele. Kile kibao cha pembetatu kiko wazi: baiskeli inampisha kila mtu, mtembeaji anampisha farasi. Tusitetee ujinga.

Lakini msituletee tena ile ya "magurudumu yanaharibu njia". Nendeni baada ya mvua mkaone kwato za farasi zilivyochimba, halafu njooni. Na ule ugonjwa unaokausha mialoni, ulioanza kuonekana Marin katikati ya miaka ya 1990, unasafiri na tope. Tope linakaa kwenye tairi, linakaa na kwenye buti lako dada wa Sacramento. Wote tupige brashi kabla ya kuondoka.

Hiyo shufwa nayo ina ujanja: tarehe 31 na tarehe 1 zote witiri. Tunapunjwa!

Mchangiaji, Lushoto

Wanangu, huku Usambara njia ni moja. Mama ana mzigo wa kuni kichwani, boda boda inakuja na magunia ya kabichi, ng'ombe yupo. Hatuna kibao. Mwenye mzigo hupishwa, na anayeshuka humpisha anayepanda kwa sababu aliyepanda ameshachoka. Halafu mnasalimiana, huwezi kumsalimu mtu ukiwa kasi. Huyo kijana wa baiskeli, alikuwa na kengele?

Mwanzisha mada

Hakuwa nayo, mzee. Na umenifungua macho. Shida yangu haikuwa baiskeli, ilikuwa mteremko. Anayepanda hana kasi ya kumuumiza mtu. Nabadilisha: dada ana haki kuhusu Jumapili, tarehe tuziache. Njia nyembamba baiskeli ziruhusiwe kupanda tu, siku zote; kushuka ni barabara ya zimamoto. Hata askari wa hifadhi hahitaji kalenda, anaangalia tu tairi la mbele limeelekea wapi.

Mchangiaji, San Jose

Yaani nipike nisile? Kaka, watu wanapanda ule mlima ILI washuke.

Mwanzisha mada

Utashuka, ila kwa barabara pana. Waliokuanzishia mchezo walishuka kwenye barabara ya vumbi, na tena bila breki za maana.

Mchangiaji, Sacramento

Hiyo ya kupanda tu naikubali hata Jumapili. Anayepanda nitamsikia anavyohema kabla sijamwona.