Ukimya wa mgonjwa wa skizofrenia: ni ugonjwa au ni dawa?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo. Tangu aanze haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo, hasikii tena sauti. Lakini pia hacheki, haogi mpaka aambiwe, anashinda kibarazani. Kliniki wanaandika "anaendelea vizuri", nami nakataa. Dawa hizi huziba vipokezi (milango ya kupokea) vya dopamini, kemikali ya ubongo, na dopamini ndiyo inayompa mtu hamu ya kuamka na kufuatilia jambo lake. Vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha kuwa haloperidoli huanza kufaa vipokezi vikizibwa karibu 65%. Vikikaribia au kupita 80%, mwili hukakamaa na uso huganda. Sasa dozi inapitiwa upya lini, na nani? Au mgonjwa akinyamaza basi, kazi imekwisha?

Muuguzi, wodi ya akili: Pole dada. Usiitwike dawa mzigo wote. Kraepelin na Bleuler, madaktari wa akili, waliwaeleza wagonjwa waliopoa hivyo hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati klopromazini, dawa ya kwanza ya aina hii, ilianza kutumika Paris mwaka 1952 tu. Nadharia inayokubalika na wengi ni kwamba dopamini huzidi ndani ya ubongo, sauti zikatokea, huku sehemu ya mbele ikipungukiwa, hamu ikafa. Dawa ya kuziba inatibu upande mmoja tu. Nimepokea wengi walioachishwa dawa nyumbani, wakaletwa wamefungwa kamba. Utafiti wa RADAR wa Uingereza, 2023: waliopunguziwa dozi taratibu, 25% walizidiwa hadi kulazwa, dhidi ya 13% walioendelea kama kawaida. Na maisha yao ya kijamii hayakuwa bora zaidi.

Mchangiaji: Hiyo ni miaka 2 tu. Uholanzi waliwafuatilia watu 103 kwa miaka 7, matokeo yakatoka 2013. Kati ya waliopangiwa kupunguza au kuacha dawa, takriban 40% walipona; kati ya wenzao walioendelea nayo, 18%. Mwanzoni walizidiwa zaidi, baadaye tofauti ikafutika.

Muuguzi: Kweli, ila wale walikuwa wameugua mara ya kwanza na walishatulia miezi 6. Usimpe matumaini hayo mtu aliyelazwa mara nne.

Mwanzisha mada: Simwachishi dawa, nielewe dada yangu. Nataka kabla ya kusema "ugonjwa ndivyo ulivyo" watazame yanayotibika: mikono imekakamaa? Ana sonona? Anakaa bila kazi wala rafiki? Hata sauti zenyewe zinaweza kumfanya mtu ajifungie. Hakuna aliyemgusa mkono mdogo wangu kuona kama umekaza. Wanajaza fomu, tunapewa vidonge, tunaondoka. Kinachobaki baada ya kuyaondoa hayo, nitakubali ni ugonjwa.

Safari ijayo nitaomba dozi ishushwe kidogo kidogo, chini ya daktari, huku nikiuangalia usingizi wake, maana kwake usingizi ukikatika sauti hurudi. Ukiona hatari katika hilo, niambie kabla hatujaenda.