Naomba ushauri: hosteli mpya ya chuo na mjengo uliosimama

Wanakikundi, assalam aleikum na hamjambo nyote. Mwanangu aingia mwaka wa pili, na nimeshamlipia kitanda katika hosteli mpya ya chuo tuliyoahidiwa kuwa tayari Septemba. Twakaa Likoni. Kila alfajiri yuavuka feri, na foleni ikikwama hukosa somo la saa mbili. Laniuma sana.

Juzi nilikwenda kuona mwenyewe. Slabu ya orofa ya pili imemwagwa, lakini vyuma vya nguzo vilivyochomoza juu vina kutu. Nilipovigusa vidole vilibaki vyekundu. Fundi hata mmoja hayupo, mlinzi tu. Zege lahitaji kama siku 28 kukomaa, na bado kuna orofa mbili, kuta, mabomba, umeme. Ofisi ya malazi nimeenda mara mbili, naambiwa nisubiri barua.

Mliojenga huku pwani, kutu hiyo ya upepo wa bahari yatosha kusuguliwa kwa brashi ya waya, au vyuma vibadilishwe? Na je, nidai pesa sasa nimpangie chumba karibu na chuo, au ningoje? Risiti ninayo.